Nimeagizwa Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Kipaza sauti kimekuja. Kimoja tu. Kidogo kama punje ya mahindi, kinabanwa kwenye kola, na kisanduku chake kinaning'inia kiunoni kama funguo za mlinzi. Mkuu wa idara alikitoa kwenye boksi mbele yetu sote saa ya chai, akasema kitakuwa cha anayefundisha darasa kubwa. Nikanyoosha shati. Darasa kubwa ni langu: Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza, vitivo vyote pamoja, saa mbili asubuhi, katika ukumbi ambao ukiongea mbele, wa nyuma wanaona midomo tu.

Akampa Jirani.

Jirani ni mhadhiri mwenzangu. Namwita hivyo kwa sababu ofisi zetu zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, hata akimenya pipi nasikia. Naye anafundisha Stadi za Mawasiliano, kundi la pili. Kumbe alishamwambia Mkuu kwamba koo lake linakwaruza. Kusema tu. Mimi langu limekwaruza miaka nenda rudi bila kumwambia mtu, nikidhani kuna anayehesabu uvumilivu wangu.

Alikibana palepale, akasema, "Haloo, haloo, wa nyuma mnanipata?" Tulikuwa kwenye chumba cha chai. Hakukuwa na wa nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Tuna afisa mpya wa usalama na afya kazini. Mama mpole, viatu bapa, tepu ya kupimia mfukoni. Watu wameshaanza kumwita Bi Usalama na yeye haoni tabu. Leo ametufanyia semina. Nilikaa nyuma kwa nia ya kusahihisha insha, nikajikuta nasikiliza.

Alisema watu hudhani ajali za kazini ni za viwandani, kumbe chuo nacho kinaumiza, ila taratibu. Nyaya zinazotambaa sakafuni. Maboksi yaliyorundikwa juu ya makabati. Viti vinavyokunja migongo. Vumbi la chaki. Na sauti. Mwalimu anafanya kazi kwa koo kama fundi anavyofanya kwa mikono, alisema, na koo likichoka halina la kubadilishia. Yeyote anayepotewa na sauti aende kwake, na idara italazimika kumpunguzia vipindi na kumpatia kipaza sauti.

Italazimika. Nimeliandika neno hilo pembeni mwa insha ya mwanafunzi, kwa wino mwekundu, na kulipigia mstari. Sijui nitamweleza nini.

Wenzangu walisinzia. Jirani aliuliza swali ili aonekane. Mimi nilitoka kimya kimya, nikaenda kujaribu kukohoa kwenye ngazi za nyuma, ambako kuna mwangwi mzuri. Mhudumu aliyekuwa akipiga deki aliniambia pole.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, bafuni, nilijaribu sauti ya mtu aliyekaukiwa. Mke wangu akauliza kutoka nje kama ni mimi au ni bomba. Nikaona nimefuzu.

Nilipofika kazini nilirudia kidogo ofisini, mlango ukiwa umefungwa, kisha nikaenda kwa Bi Usalama. Nikamweleza kwa mikwaruzo, huku nikimeza mate kwa shida, kwamba darasa kubwa linanimaliza. Nilitarajia kikaratasi chenye mhuri. Badala yake alivuta kiti akakaa karibu nami. Akauliza nakunywa maji kiasi gani. Akauliza kama feni za ukumbi zina kelele. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za feni. Ningeweza kumweleza mengi kuhusu zile feni, na nikaanza kumweleza kwa sauti yangu ya kila siku. Ikabidi nikohoe sana ili kuifunika.

Kisha akatoa uamuzi. Koo lipumzike. Kabisa. Nisiseme neno mpaka atakaponiona tena mwisho wa mwezi. Nikamnong'oneza kwamba sawa, nitakuwa nanong'ona. Akatikisa kichwa. Kunong'ona kunakaza koo kuliko kusema, ni marufuku pia.

Nikaonyesha kola yangu kwa kidole, mahali ambapo kipaza sauti kingekaa. Akasema hilo tutaliongea sauti ikirudi, maana asiye na sauti hana cha kukuza.

Ni mtu mwenye akili timamu. Imenisikitisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumbani nako siwezi kusema. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na Mkuu wa idara ni mteja wake. Mke wangu hana siri na mtu aliyesimama mbele yake akipimwa kiuno. Kwa hiyo nikamwandikia kwenye karatasi: afisa wa afya ameniagiza kunyamaza kwa muda.

Alisoma akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake. Akauliza: kabisa? Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama hata mambo ya nyumbani siwezi kuyachangia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema, kwa upole mkubwa, kwamba basi ni vizuri, maana kaka yake mdogo anatafuta mahali pa kukaa mpaka apate chumba chake, na kila akinigusia suala hilo namwambia tutaliongea.

"Sasa mume wangu, kama una pingamizi, sema."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Shemeji ameingia jioni hii na godoro lake. Ni fundi simu. Amepewa chumba changu cha kusahihishia. Wakati naandika haya anajaribu miito ya simu ya mteja, yote iliyomo, kwa zamu.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha idara. Mkuu amewatangazia wenzangu hali yangu, nikapewa pole nyingi na pakiti ya asali. Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Jirani akasimama, kipaza sauti kikiwa kolani hata kwenye kikao, akasema atanibebea darasa langu aliunganishe na la kwake mpaka nipone. Watu wakampigia makofi. Nami nikapiga. Ningefanyaje?

Halafu zikagawiwa kazi za muhula. Utaratibu wa Mkuu ni kutaja kazi, kutaja jina, na kusubiri pingamizi. Wenzangu wote walipinga. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana safari, mwingine anasahihisha tasnifu. Mimi pingamizi zangu zilikuwa tayari, nzuri kuliko zao, zimejaa kifuani. Nimetoka na usimamizi wa mitihani ya Jumamosi zote. Mkuu alisema ni kazi ya kimya, itanifaa.

Jumatatu, 10 Machi

Lakini sikatai, kimya kina raha zake. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa ofisini, miguu juu ya kijisanduku, chai mkononi, wakati Jirani akihangaika ukumbini na umati wote. Nikaimba kidogo, kwa ndani ndani.

Isitoshe watu wananipenda zaidi. Mhasibu wa kitivo alikuja kunisalimia akaishia kunisimulia ugomvi wake na dada yake, akaondoka akisema hajawahi kupata ushauri mzuri kama ule. Mkuu naye alipita, akakaa, akalalamika kuhusu wakubwa zake mpaka chai ikapoa. Alipoinuka akasema koo langu lisipotengemaa ataomba kipaza sauti cha pili. Kwa ajili yangu, na kwa jina langu.

Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Kunyamaza kunalipa.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Bi Usalama alipita asubuhi akaagiza maboksi yote ya juu ya makabati yashushwe wiki hii. Jirani hawezi kuona agizo bila kutaka kuwa wa kwanza kulitimiza. Nikamsikia kupitia ukutani: "Jirani, ile ngazi ndogo ya idara iko kwako?"

Iko kwangu. Niliichukua muhula uliopita kubadilishia balbu, nikaona inafaa kuwekea insha, kipandio kimoja zilizosahihishwa, vingine zisizosahihishwa. Ningeweza kugonga ukuta kumjibu. Ningeweza kuinuka nikampelekea. Lakini ningelazimika kushusha insha zote, na nikajiambia kwamba mtu aliyeagizwa kunyamaza hajibu maswali. Nikatulia. Naye hakuuliza tena.

Baadaye nikatoka kwenda kuchota maji. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha ofisini, kile chenye magurudumu, kinachozunguka, mikono yote miwili juu, amelikumbatia boksi la tasnifu za zamani. Na kiti kilikuwa kimeanza kuzunguka. Taratibu sana, kama feni iliyozimwa sasa hivi.

Nilijua la kufanya. Nilijua pia litanigharimu nini. Nikagonga mlango kwa kucha, kistaarabu. Hakusikia. Nikapunga mkono. Alikuwa ameupa mlango kisogo. Nikapiga makofi, naye bila kugeuka akasema, "Asante, asante, bado kidogo tu." Alidhani nampongeza.

Gurudumu moja likateleza. Nikapaza sauti, na ilikuwa sauti iliyopumzishwa, iliyonyweshwa maji na asali, sauti ambayo sikuwa nayo hata ujanani.

"Shuka!"

Akashuka.

Aligeuka kuona nani anamwita, kiti nacho kikageuka upande wake, boksi likaenda kule na yeye huku. Aliangukia mkono. Nilisikia ule mlio, mdogo tu, kama kijiti, na sitausahau. Tasnifu zilitapakaa sakafuni. Alikaa katikati yake, uso umebadilika rangi, akauliza ni nani aliyepiga kelele.

Nikaonyesha korido.

Nikakimbilia simu ya mezani, nikapiga namba ya dharura ya zahanati ya chuo ambayo Bi Usalama ameibandika kila ukuta. Wakapokea. Wakauliza nani, wapi, kuna nini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina sauti. Nikabaki nimeishika simu, napumua. Yule wa upande wa pili akasema hii ni namba ya wagonjwa, tusiichezee. Ikabidi niivute hadi sakafuni, nimwekee Jirani sikioni, naye akajieleza mwenyewe, kwa adabu zote, mpaka namba ya mlango.

Amevunjika kifundo cha mkono. Wa kulia.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri. Shemeji hana hatia safari hii, alizima simu zote mapema.

Bi Usalama amekuja kuchunguza. Nilijiandaa kwa maswali ya nani alifanya nini. Hakuuliza hivyo. Alipima urefu wa kabati. Alikisukuma kiti kwa kidole akakitazama kinavyokimbia. Akaniuliza, nijibu kwa maandishi, ni kitu gani kilimfanya mtu mzima mwenye busara apande kiti chenye magurudumu. Nikaandika: haraka. Akasema haraka ipo kila siku, kuna kingine kilichokosekana.

Kisha akaingia ofisini kwangu kuomba kalamu. Akaiona ngazi, na insha zangu zimepangwa juu yake vizuri, kipandio kwa kipandio.

Hakufoka. Alizishusha insha, akaziweka mezani bila kuzichanganya, akakunja ngazi akaondoka nayo. Mlangoni alisema itafungiwa ndoano koridoni, kila mtu aione, isikae tena kwenye chumba cha mtu. Ni hayo tu. Nilitamani anifokee. Mtu akikufokea unapata la kukasirikia.

Jioni nilipita zahanati kumwona Jirani, nikamkuta ameshafungwa plasta hadi karibu na kiwiko. Nilimpelekea ile pakiti ya asali. Alisema wewe ndiye unayeihitaji zaidi. Nikatoka hapo nikiwa mdogo kama sisimizi.

Ijumaa, 14 Machi

Jirani amekataa kupumzika. Anasema darasa limepamba moto. Lakini hawezi kuandika ubaoni. Mkuu wa idara akatuita wote wawili, akatutazama, akasema mmoja ana sauti hana mkono, mwingine ana mkono hana sauti, kwa hiyo tukiwekwa pamoja tunatimia mhadhiri mmoja.

Kuanzia Jumatatu nitasimama ubaoni. Saa mbili asubuhi. Yaani nimefanya yote haya kulikimbia lile darasa, na sasa narudishwa nikiwa msaidizi wa mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Aibu. Jirani alikaa juu ya meza ya mbele, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, kipaza sauti kolani, akiongea kama mtu anayepunga upepo. Mimi nyuma yake na chaki. Alisema, mwenzangu atatuandikia: mawasiliano ni ya pande mbili. Nikaandika, nikiwa upande mmoja. Ukumbi ukacheka kabla sijamaliza.

Kisha akageuka, akasoma, akasema nimesahau herufi. Chaki ilikuwa imekatika! Ningemweleza vipi? Niliiongeza ile herufi mbele ya umati wote, nikajipangusa vumbi kwa heshima.

Mwishoni binti mmoja wa mstari wa mbele alimwuliza Jirani kama msaidizi wake naye amesoma. Jirani akajibu kwamba amesoma kumzidi yeye. Ni kweli, lakini kulisikia kutoka kwake kumeniudhi zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Leo mambo yamegeuka. Jirani alikuwa akifafanua kwamba mzungumzaji mzuri ni yule anayejua kusikiliza. Nikaandika sentensi hiyo ubaoni, na chini yake nikaongeza kwa herufi ndogo: huyu hajawahi kujaribu.

Kicheko kikaanzia mbele kikapanda hadi nyuma, kule wasikofikiwa na sauti. Jirani akageuka. Akasoma. Nikajua nimekalia kuti kavu. Lakini alicheka mpaka akalazimika kuushika ule mkono mbovu, halafu akaanza kubishana na ubao. Yeye anasema, mimi naandika kumpinga. Naye ananijibu, nami nafuta naandika jingine. Kipindi kikaisha tukiwa katikati, na wanafunzi hawakuinuka.

Sijapata kipindi kama kile. Naliandika hili hapa kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia, na hata ningeruhusiwa kusema, nisingesema.

Jumanne, 25 Machi

Sasa wanakuja na wanafunzi wasio wetu. Wanasimama ukutani, mpaka Bi Usalama amekuja kuhakikisha hawazibi mlango wa dharura. Aliwapanga vizuri, kisha naye akabaki kusikiliza.

Kabla ya darasa namsaidia Jirani. Siku ya kwanza nilimkuta ofisini akipambana na kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, jasho linamtoka. Nikamfunga. Tangu hapo hapambani tena, ananyoosha shingo tu. Chai namshikia kikombe akitafuta mahali pa kuketi. Begi lake nabeba mimi. Tukipita koridoni anaongea muda wote, nami naitikia kwa kichwa, na watu wanasema hawajawahi kuona wenzi wa kazi wanaosikilizana hivyo.

Leo alikunja uso akisogeza mkono. Nikamwandikia: unauma? Akasema kidogo. Usiku huu wote—hapana, ni jioni tu, lakini imekuwa ndefu—nimekuwa nikilifikiria lile swali lake la ngazi, na jinsi nilivyokaa pale nikilisikia.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya kupimwa. Bi Usalama alinipa ukurasa nisome kwa sauti. Nilikuwa nimepanga kupona nusu, kiasi cha kuruhusiwa kusema lakini si cha kuachwa bila kipaza sauti. Nikaanza kwa mkwaruzo kidogo. Akanitazama tu, kwa subira, kama mtu anayesubiri maji ya bomba yasafike. Mkwaruzo ukaisha wenyewe. Nikasoma ukurasa mzima kwa sauti nyororo, nikahisi raha, nikageuza nikasoma na wa pili ambao hakuniomba.

Akasema ni koo zuri kuliko yote aliyokagua hapa chuoni, kwa hiyo pumziko limefanya kazi. Ataliandika kama mfano kwa idara nyingine. Kisha akanipa habari: mfupa wa Jirani haukukaa sawa. Alitakiwa kuupumzisha, akawa anakuja kazini. Utafungwa upya, na safari hii anaenda likizo, atake asitake. Kwa hiyo kipaza sauti ni changu. Na madarasa yote mawili, yaliyounganishwa, kila asubuhi.

Jirani alikuja mwenyewe kunikabidhi. Akakibana kolani mwangu kwa mkono mmoja, kwa shida, sikumsaidia kwa kuwa nilijua hataki. Alipomaliza akakipigapiga kidogo, akasema taratibu:

"Siku nyingine ukitaka kuniambia nishuke, niambie polepole."

Nikasema, "Jirani." Neno langu la kwanza kwake tangu lile "Shuka!"

Akasema ule ukuta unasikika pande zote mbili. Alinisikia nikijizoeza kukaukiwa sauti. Alinisikia nikiimba. Aliisikia hata ngazi ikilia nikipanga insha juu yake, siku ileile aliponiuliza. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema kwanza alikuwa amekasirika na akataka anione nikihangaika, hasa nikibeba begi. Halafu likaja lile darasa, akaona akisema litaharibika.

Nikamwomba radhi. Nikaomba vizuri, bila kujitetea, ila mahali pamoja tu. Akasema yameisha. Akanyoosha shingo nimfungue kifungo cha juu maana kulikuwa na joto, akaenda.

Jumanne, 1 Aprili

Darasa la kwanza peke yangu, na kipaza sauti. Wa nyuma walinipata. Walinipata vizuri sana, na nusu yao wakatoka. Mmoja aliuliza ubao leo unajibiwa na nani.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, kwa sauti yangu kamili, kwamba naona shemeji sasa atafute pake. Akasema mbona mwezi mzima nimekaa naye vizuri bila hata neno moja la malalamiko, na kaka yake ameshalipenda dirisha la kile chumba. Shemeji akanishukuru kwa ukarimu wangu. Ameitengeneza simu yangu bure, inaita kama king'ora.

Nimekaa kitandani na insha zangu magotini, nikatafakari. Nimejionea mwenyewe hila inavyomrudia mtu, tena ikipitia kwa asiye na hatia. Nimeamua kuishi kwa uwazi. Afya si jambo la kuchezewa. Kila nitakachohisi nitakisema kama kilivyo. Nalala nikiwa mwepesi.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi tulivu. Mitihani imewadia. Marundo ya karatasi za kusahihisha yameletwa kwenye toroli, na langu, kwa kuwa sasa nina madarasa mawili, halionekani mwisho.

Mchana Bi Usalama amebandika tangazo jipya koridoni. Ni ukaguzi wa macho. Watumishi ambao macho yamechoshwa na kompyuta na maandishi madogo waende wakapimwe. Watakaoonekana wana tatizo watapewa miwani, na idara italazimika kuwapunguzia usahihishaji.

Nililisoma mara moja nikiwa nimesimama mbali. Kisha nikasogea, nikalisoma tena pua ikiwa imegusa karatasi, nikipapasa ukuta kwa mkono. Mkuu wa idara akatokea nyuma yangu, akaniuliza kama niko salama.

Nikageuka taratibu, nikatabasamu kuelekea upande wa dirisha, nikamwuliza kwa adabu naongea na nani.